Miaka Tisa Tulikaa Upande wa Nyuma wa Shuka

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tu marika basi pokea salamu za kazi. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki na nimezoea kusoma shida za wenzangu nikiwa na kikombe cha chai mkononi, natikisa kichwa na kusema huyu naye alikuwa wapi asione, sasa leo zamu imenifika na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana nikikumbuka nilichokiona siku kumi na mbili zilizopita mwili bado unanisisimka, na nikikumbuka nilichokifanya baada ya kukiona natamani ardhi ipasuke niingie.

Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari, nina miaka arobaini na minne, nina mke na watoto wawili, na somo ambalo watu wananijua kwalo ni lile la sanaa za maonyesho za jamii mbalimbali duniani, yaani nachukua watoto ambao wengi wao hawajawahi kulala nje ya mji huu na nawaonyesha kwamba kuna watu mahali fulani wanacheza juu ya miti mirefu waliyojifunga miguuni, wengine wanavaa barakoa na mtu akishaivaa haitwi tena kwa jina lake, wengine wanasimulia hadithi nzima kwa shingo na macho bila kutamka neno, na wengine wanatoa sauti mbili kwa koo moja, na nakuambia ukweli mshauri, nalipenda somo hili kuliko chakula, kwa sababu ukiona mtoto wa miaka kumi na tano aliyekuwa anasinzia ananyanyua kichwa na kuuliza, "Mwalimu, hao nao ni watu kama sisi?" unajua kwamba siku hiyo umefundisha.

Katika mtaala wetu kuna sura moja inayohusu watu wa mbali wanaosimulia hadithi zao kwa vikaragosi vya ngozi, taa, na shuka jeupe. Kitabu kimewapa mistari minne tu na hakina picha, ila shule ililetewa diski yenye filamu fupi ya dakika kumi na moja, haina maelezo, lugha yao hatuijui, na mimi nikaitazama mara nyingi mpaka nikaijua kwa kichwa. Ndani yake unaona wachezaji kwa nyuma, wamekaa sakafuni, taa inaning'inia juu yao, mikono inapanda na kushuka na vikaragosi, na mbele yao kabisa kuna shuka. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba shuka ni pambo la ukutani, na kwamba watu hawa huwapa watazamaji wao mgongo. Na kwa kuwa mwalimu hawezi kusema sijui mbele ya watoto arobaini, nikatafuta sababu, nikasema ni unyenyekevu, kwamba kwao msanii haonyeshi uso ili asijikweze juu ya hadithi, na maelezo hayo yalinipendeza mno mpaka nikayatungia swali la mtihani, "Eleza sababu tatu zinazowafanya wachezaji wa jamii hii kuwapa watazamaji mgongo," alama kumi na mbili, na mshauri, watoto walizitoa sababu zote tatu na wengine wakaongeza ya nne.

Kwa hiyo miaka tisa tumecheza hivyo. Shuka tunaligongomea ukutani darasani, taa tunaiwasha kwa heshima tu kwa sababu ni mchana na madirisha yako wazi, wanafunzi wanasimama kati yetu na ukuta wametupa mgongo, na kwa vile migongo ndiyo inayoonekana basi nimewafundisha migongo, mtoto anajifunza kutembea na kikaragosi kuanzia kisigino, bega linashuka pale tembo anapochoka, kiwiko kinatetemeka pale ndege anapoogopa, tunaweza kumaliza wiki nzima kwenye hatua sita. Na tumesifiwa, tumeshika nafasi ya pili mara mbili katika maonyesho ya shule za eneo letu, na walimu watano wa shule nyingine wamekuja kwangu kujifunza na sasa hivi ninavyoandika wanawafundisha watoto wao kugeuza migongo, nikifikiria hilo usingizi unaniruka.

Sasa sikia kilichotokea. Darasa letu lilikuwa linapakwa rangi, tukahamia ukumbini, na ukumbini mwalimu wa fizikia alikuwa amefunika madirisha yote kwa plastiki nyeusi kwa ajili ya somo lake la mwanga, kukawa giza totoro saa nane mchana. Ukuta wa kugongomea haukuwepo, tukafunga kamba katikati ya ukumbi tukaning'iniza shuka, na kwa vile tulikuwa hatuonani nikaazima taa kubwa ya ofisini, ile yenye balbu kali, nikaifunga juu ya vichwa vyao. Nikakaa mahali pangu pa siku zote, nyuma ya migongo, taa ikiwa inanipiga machoni, wakaanza hadithi yetu tuliyoitunga wenyewe, ya mama tembo anayevusha mtoto wake mto uliofurika huku ndege wakimwonyesha penye kina kifupi.

Upande wa pili wa shuka, mshauri, kulikuwa na mlango wa kwenda jikoni. Mama wa jikoni, yule mpishi mkuu wa shule ambaye hata mkuu wa shule hamjibu ovyo, aliingia na daftari lake kuniuliza wageni wa ukaguzi watakuwa wangapi ili ajue sahani. Nilisikia mlango, nikasubiri swali, swali halikuja. Hadithi ikafika mwisho, tembo akavuka, watoto wakashusha mikono, ndipo nikasikia sauti yake kutoka nyuma ya shuka, taratibu kabisa, si sauti yake ya siku zote, "Mwalimu, hivi hiki ndicho mnachotuficha miaka yote hii?"

Nikawaambia watoto warudie tangu mtoni, nikainama nikapita chini ya kamba.

Sijui nitakuelezaje. Kwanza ujue kwamba vikaragosi vyetu hatuvitengenezi kwa ngozi, ngozi tungeitoa wapi, tunavitengeneza kwa picha za zamani za eksirei ambazo mzazi mmoja muuguzi hutuletea zikitupwa, kwa sababu ni ngumu na hazikunjiki, tunazikata, tunazikwaruza kwa msumari kupamba, na darasani zinaonekana plastiki nyeusi tu zisizo na maana. Lakini upande ule wa shuka nilimwona tembo akitokea pembeni, mweusi, mdogo kama ngumi, akakua kila alipopiga hatua mpaka akajaza shuka zima, na ndani yake mbavu zilikuwa zinang'aa, mbavu za mtu, mshauri, za mtu fulani aliyewahi kukohoa hospitalini, zikipanda na kushuka kama tembo anahema. Zile alama za msumari zikawa manyunyu juu ya mgongo wake. Ndege wakaja, na ndani ya kila bawa mlikuwa na vidole vitano vya mwanga. Mto ambao ni mfuko wa nailoni wa bluu uliochanwa ulikuwa maji, nakuapia, niliinua mguu wangu nisilowe.

Nilikaa kwenye benchi karibu na mama wa jikoni, yeye daftari kalishika kifuani, mimi machozi yananitoka na sikuona aibu. Nilikuwa nimefundisha kitu hiki miaka tisa na sikuwahi kukiona. Wale watu wa mbali hawakuwa wamempa mtu yeyote mgongo, aliyewapiga picha ndiye aliyekwenda nyuma, na watu wao wote walikuwa wamekaa upande ule mwingine wakitazama mambo makubwa kama haya, huku mimi natunga maswali ya mtihani kuhusu unyenyekevu.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Kiongozi wa kikundi ni binti mmoja tunayemwita Kidole, mrefu, mtulivu, ndiye anayembeba tembo, mwaka wa tatu huu, na mgongo wake unasimulia kuliko mdomo wa wengine. Alitusikia tumenyamaza, akauliza toka upande wao, "Mwalimu, kuna nini huko?" Nami, mshauri, ulimi ukanitoka peke yake, nikasema, "Hakuna kitu, huku ni upande wa vifaa." Mama wa jikoni akanigeukia, akaniangalia kama anavyoangalia gunia la unga lililoingia wadudu. Nikamnong'oneza, mama, naomba hili libaki hapa. Akasema, "Mimi napika, sitangazi. Lakini nikiulizwa sitasema uongo, mwalimu, uzee wangu hauniruhusu." Akaondoka bila hata kuuliza idadi ya sahani.

Kesho yake nikawarudisha watoto darasani rangi haijakauka, wanapiga chafya, sare zimechafuka, kisa tu nisiwe na shuka lenye pande mbili. Na kila siku Kidole ananiuliza kwa adabu, "Mwalimu, mama wa jikoni aliona nini?" na kila siku nabadilisha mada. Maonyesho ni baada ya wiki tatu. Mkuu wa shule ameshachapisha mabango yameandikwa "Migongo Inayosimulia", na baba yake Kidole, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye hajawahi kumwona mwanawe akicheza hata mara moja, safari hii amebadilishana zamu na mwenzake ili aje. Nikigeuza viti, huyo baba atatoka mbali kuja kuangalia kikaragosi, mwanawe yuko nyuma ya shuka haonekani. Nisipogeuza, najua ninachowanyima.

Mke wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, miaka tisa hakuna aliyekufa kwa kuangalia mgongo, subiri maonyesho yaishe, na mwaka ujao uanze upya kimyakimya kama vile ni ubunifu wako. Lakini nikisimama mbele ya wale watoto natafuta chaki niliyoishika mkononi. Wananiamini, mshauri. Wanaamini kila nilichowaambia kuhusu watu wa dunia hii, kwa sababu hawana mwingine wa kuwaambia, na nikisema hili nilikosea, si wataniuliza na yale mengine? Watanionaje? Nikiri sasa au ninyamaze? Niambie chochote, hata ukinitukana nitashukuru.

Ni mimi, Mwalimu wa Migongo.

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu wa Migongo, uliomba nisikucheke kabla sijafika mwisho. Nilivumilia mpaka kwenye lile swali la alama kumi na mbili, hapo nikashindwa. Hao watoto waliokupa sababu ya nne watafika mbali.

Nilipomaliza kucheka niliisoma barua yako mara ya pili. Kisha nikamwomba mume wangu picha yake ya eksirei ya kifua, ya mwaka ule alipoanguka kwenye ngazi, nikafunga mapazia ya sebuleni na kuishika karibu na ukuta mbele ya tochi. Akaniuliza kama namtafutia kosa jingine ndani ya mbavu. Tumeishi pamoja miaka thelathini na moja, na mchana ule tulisimama sebuleni kwetu tukiangalia kifua chake kinang'aa ukutani, na nilimshika mkono, jambo ambalo hatujalifanya siku nyingi. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta maneno ya kunieleza ulichokiona. Nimeonja kidogo, na kidogo kile kimenitosha.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Unachanganya mambo mawili, na unayachanganya kwa makusudi kwa sababu moja linakufariji. Miaka tisa ulikosea. Kukosea si dhambi. Ulipewa mistari minne na diski isiyo na maelezo, ukawafundisha watoto kwa moyo wako wote, na kuna walimu wenye vitabu vizima ambao hawajafanya hivyo hata juma moja. Lakini siku hizi kumi na mbili hukosei, unadanganya. Umewarudisha watoto wa watu kwenye rangi mbichi wapige chafya ili wasione kazi ya mikono yao wenyewe. Umeona kitu kilichokutoa machozi, na watu wa kwanza waliostahili kukiona, waliokitengeneza, ndio pekee uliowafungia mlango. Hilo ndilo la kukuondolea usingizi. Unyenyekevu uliowasingizia wale watu wa mbali, ungeutumia wewe dakika moja tu pale ulipoulizwa kuna nini.

Mke wako anakupenda, ndiyo maana amekushauri vibaya. Kombe unaweza kulifunika kama ni lako peke yako. Hili wamelishika watoto arobaini, walimu watano na mpishi mmoja asiyesema uongo. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua, na kwa hesabu yangu wewe una siku chache kabla Kidole hajaacha kukuuliza wewe na kwenda moja kwa moja jikoni. Akifanya hivyo atapata ukweli, ila ataupata kwa mtu mwingine, na hapo ndipo utakapompoteza.

Anza na mama wa jikoni. Nenda mwenyewe, asubuhi, kabla kazi hazijamzidi, umwombe radhi kwa kumtaka afiche. Huyo ndiye mtazamaji wako wa kwanza katika miaka tisa. Aliingia na shughuli zake, akasahau sahani. Mwambie idadi ya wageni, maana bado anaisubiri.

Halafu walimu watano. Mpigie simu kila mmoja peke yake, usijifiche kwenye ujumbe wa kundi. Waambie shuka lina pande mbili na wafunge madirisha. Mmoja au wawili watakucheka. Vumilia, unavuna ulichopanda.

Kisha tafuta mtu wa jamii ile. Chuo kikuu kina wanafunzi wageni, ubalozi una ofisi ya utamaduni, wako tu, ni wewe hukutafuta. Mwandikie barua ya adabu, mweleze mlichofanya bila kujitetea, umuulize mchezo ule kwao huchezwaje, na nani, na wakati gani, na kama kuna jambo ambalo wageni hawapaswi kuligusa. Si ajabu ukaambiwa hata huu upande wa pili hujauelewa bado. Vizuri. Mtu anayefundisha sanaa za watu wengine ni mgeni anayeongoza wageni wenzake ndani ya nyumba ya mtu, na mgeni hapaswi kuona haya kuuliza mlango uko wapi. Jibu lolote utakalopata, lipeleke darasani kama lilivyo. Na lile swali la mtihani ulifute, ila nakusihi uwape alama zao, walizifanyia kazi.

Na kazi yenu ya migongo msiitupe. Ni yenu, mmeizaa wenyewe, hakuna jamii nyingine inayoidai. Acha tu kusema ni ya watu wengine. Kama mkuu wa shule hataki kupoteza mabango yake, asipoteze. Hakuna neno la uongo mle ndani.

Sasa Kidole na baba yake, maana hapo ndipo naona moyo wako umekwama kwelikweli. Unasema ukigeuza viti, baba atakuja kuangalia kikaragosi na mwanawe hataonekana. Mwalimu, umefundisha sanaa miaka yote hii na bado unaniandikia hivyo? Uliniambia mwenyewe tembo alikuwa anahema. Plastiki haihemi. Uliniambia alipiga hatua akakua. Ulifikiri mwendo ule umetoka wapi? Umetoka kwenye kisigino cha yule binti, umepanda mgongoni, ukashuka begani, ukaingia kwenye kijiti alichoshika, kwa sababu kuna mtu alikaa naye wiki nzima kwenye hatua sita akidhani mgongo ndio mchezo wenyewe. Wengine wangemfundisha mkono tu. Wewe, kwa kosa lako, umemfundisha mwili mzima. Alichokiona mama wa jikoni kwenye shuka ni Kidole, hakuna mwingine. Baba yake atamjua. Na kama unaogopa hatamjua, mweke akae mbele hadithi ichezwe mara ya kwanza, kisha mpitishe chini ya kamba aitazame mara ya pili toka nyuma. Ila usiwaamulie. Mwulize binti mwenyewe anataka baba yake akae wapi. Ana miaka mitatu kwenye kazi hii, amepata haki ya kuulizwa.

Jumatatu rudi ukumbini. Mwalimu wa fizikia akubakizie plastiki zake. Funga kamba katikati, ning'iniza shuka, gawa kikundi chako mara mbili, nusu wacheze na nusu wakae kwenye benchi upande wa mlango wa jikoni, kisha wabadilishane, na Kidole hakikisha amekaa mbele angalau mara moja wakati mwenzake amembeba tembo. Usitoe hotuba kabla. Usiwaambie kitu kizuri kinakuja. Wakishatazama wote, simama useme, "Nilikosea, na nilipojua nimekosea niliwaficha. Nisameheni." Ukiongeza habari za diski na mpiga picha utaharibu.

"Wataniuliza na yale mengine," umesema. Nawaombea wakuulize. Watu wenye miti miguuni, barakoa, sauti mbili kwenye koo moja, watoto waulize yote, na pale usipojua useme sijui, twende tukatafute. Umekuwa ukiogopa neno hilo moja tangu siku ya kwanza, na ndilo lililokugharimu.

Na ile hofu yako kubwa, kwamba siku hiyo watakuona mdogo, iweke chini, kwa sababu imekaa mahali pasipo pake. Utasimama pale unasubiri macho ya watoto wote yakugeukie na kukuhukumu, na hakuna hata mmoja atakayekuangalia. Watakuwa wanaangalia shuka.